Mwongozo kamili wa kula hazeli: kiasi, uchaguzi, ukaangaji na uhifadhi

Katika kila gramu 100 za hazeli, karibu gramu 61 ni mafuta. Ukiishika namba hiyo, mengine yanaeleweka kwa urahisi: kwa nini njugu hizi husifiwa kwa afya ya moyo, kwa nini kiganja kimoja kinashibisha na viganja vitatu vinanenepesha, kwa nini zikisagwa hugeuka rojo, na kwa nini mfuko uliosahauliwa kabatini hunuka kama kopo la rangi ya mafuta. Mafuta hayo ndiyo faida ya hazeli na ndiyo udhaifu wake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuyapata yakiwa mazima na kwa kiasi kinachofaa.

Hazeli ni tunda la mti mdogo uitwao kitaalamu Corylus avellana. Ganda ni gumu, la kahawia. Ndani yake kuna kiini cha mviringo kilichovikwa utando mwembamba mweusi-mweusi. Zaidi ya nusu ya hazeli za dunia hutoka Uturuki, hasa pwani ya Bahari Nyeusi kwenye maeneo ya Ordu na Giresun. Italia, Azerbaijan, Georgia na jimbo la Oregon nchini Marekani nazo huzalisha kwa wingi. Mavuno ya nchi hizo huangukia Agosti hadi Oktoba, na jambo hili lina maana kwa mnunuzi: hazeli unayonunua mwezi wa Mei, hata kama ni ya msimu wa karibuni, imekwisha kukaa ghalani zaidi ya nusu mwaka.

Kilichomo katika gramu 30

Gramu 30 za viini vilivyokwisha kubanguliwa ni kiganja kimoja cha mtu mzima, yaani punje 20 hadi 24 kutegemea ukubwa. Kiasi hicho kikiwa kibichi kina:

- nishati, takribani kalori 188
- mafuta gramu 18, ambapo karibu gramu 14 ni aina ya asidi ya oleiki, ileile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni, na gramu 1.3 tu ni mafuta yanayoganda
- protini gramu 4.5
- wanga gramu 5, ukijumlisha nyuzinyuzi karibu gramu 3
- vitamini E miligramu 4.5, sawa na asilimia 30 ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku
- manganizi miligramu 1.9, zaidi ya robo tatu ya mahitaji ya siku
- shaba miligramu 0.5, zaidi ya nusu ya mahitaji ya siku
- magnesiamu miligramu 49, foleti mikrogramu 34, potasiamu miligramu 204

Vitamini E, manganizi na shaba ndizo nguvu halisi za hazeli. Vitamini E huyakinga mafuta ya mwilini yasiharibiwe na oksijeni, na ndani ya punje yenyewe hufanya kazi hiyohiyo ya kuyalinda mafuta yake. Shaba huhitajika ili mwili uweze kuyatumia madini ya chuma. Foleti ipo, lakini mama mjamzito asiitegemee hazeli kuziba pengo la vidonge alivyoandikiwa: angehitaji zaidi ya gramu 350 kwa siku ili afikishe mikrogramu 400, na hizo ni kalori zaidi ya 2,000.

Kuna vitu hazeli haina, na ni vizuri kuvijua kabla ya kuipa sifa isizostahili. Haina vitamini B12. Selenia yake ni kidogo sana, haifanani hata chembe na ile ya njugu za Brazil. Omega-3 karibu haipo. Anayeitafuta kwenye njugu ale jozi. Protini yake ina upungufu wa laisini, asidi ya amino inayopatikana kwa wingi kwenye maharage, dengu na kunde. Ndiyo maana hazeli haiwezi kusimama peke yake badala ya nyama, lakini ikiliwa siku moja na jamii ya kunde, upungufu huo unazibika. Chuma kimo, karibu miligramu 1.4 kwa gramu 30, ila ni chuma cha mimea ambacho mwili hukinyonya kwa shida. Ukila hazeli pamoja na tunda lenye vitamini C, kama chungwa au pera, utanyonya zaidi. Ukizisukuma kwa chai ya rangi au kahawa, utanyonya kidogo.

Moyo: ushahidi unasema nini

Mtu anapoacha siagi au jibini nyingi na kuweka hazeli mahali pake, kolesteroli mbaya, LDL, hushuka. Sababu ziko tatu na zinasaidiana: mafuta yanayoganda yamepungua, asidi ya oleiki imeingia, na ndani ya punje kuna steroli za mimea na nyuzinyuzi zinazopunguza kolesteroli inayonyonywa tumboni. Hazeli yenyewe haina kolesteroli, sawa na chakula kingine chochote cha mmea. Pakiti inayojigamba "haina kolesteroli" haijakuambia kitu.

Utafiti unaotajwa zaidi ni PREDIMED wa Uhispania, uliofuatilia watu karibu 7,400 waliokuwa na hatari kubwa ya maradhi ya moyo. Kundi mojawapo lilipewa gramu 30 za njugu kila siku: gramu 15 za jozi, 7.5 za lozi na 7.5 za hazeli, pamoja na mlo wa Kimediterania. Mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya maradhi hayo, vikijumlishwa, vilipungua kwa takribani asilimia 30 vikilinganishwa na kundi lililoshauriwa kupunguza mafuta. Ripoti ya kwanza ya mwaka 2013 iliondolewa kwa sababu ya dosari katika ugawaji wa washiriki, kisha uchambuzi ukarudiwa na kuchapishwa upya mwaka 2018, na matokeo hayakubadilika sana. Lakini angalia vipimo: hazeli ilikuwa robo tu ya njugu zile. Anayekuambia kwamba utafiti huo umethibitisha nguvu za hazeli peke yake anatia chumvi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliporuhusu mwaka 2003 maelezo ya njugu na moyo kuandikwa kwenye vifungashio, kwa kiasi cha gramu 42 kwa siku, ililazimisha itamkwe kwamba ushahidi unaashiria lakini hauthibitishi.

Kiasi, na mahali pa kuziweka

Kosa kubwa ni kuziongeza juu ya mlo uliokuwa unatosha. Kalori 188 kila siku bila kupunguza kitu kingine ni kalori zaidi ya 5,600 kwa mwezi. Majaribio mengi yameonyesha kwamba wanaokula njugu hawanenepi kama hesabu ingetabiri, kwa kuwa njugu hushibisha, na sehemu ya mafuta hutoka na choo yakiwa bado yamefungwa ndani ya kuta za seli. Hilo ni kweli kwa punje nzima zilizotafunwa. Siagi ya hazeli kuta zake zimekwisha kuvunjwa na mashine, kwa hiyo mafuta yake yote yako wazi.

1. Pima gramu 30 kwa mizani mara moja, zimimine kiganjani, na ukariri kiwango chake. Baada ya hapo kiganja kitakuwa kipimo chako.
2. Amua zinachukua nafasi ya nini: biskuti za saa kumi, nyama ya soseji asubuhi, jibini juu ya saladi, au nusu ya mafuta unayomimina kwenye uji wa shayiri.
3. Zitoe kwenye mfuko na kuziweka kwenye bakuli. Anayekula moja kwa moja kutoka mfukoni hupitiliza bila kujua.
4. Kama hukuzoea nyuzinyuzi, anza na punje 10 kwa wiki ya kwanza. Tumbo kujaa gesi siku za mwanzo ni kawaida.

Kwa mwenye kisukari hazeli ni kitafunwa kizuri, kwani sukari yake ni kama gramu 1.3 katika gramu 30 na haipandishi sukari ya damu kwa haraka. Zilizopakwa asali, karameli au chokoleti ni habari nyingine kabisa.

Kuchagua

Zilizo kwenye ganda hudumu zaidi, ila zinaibia mizani: kilo moja yenye maganda hutoa gramu 400 hadi 500 za viini. Shika moja moja. Iliyo nzito kwa umbo lake ni nzima. Inayogonga-gonga ndani ukiitikisa kiini kimesinyaa. Yenye kitundu kidogo cha duara kilichonyooka imetobolewa na funza wa mdudu aitwaye kwa jina la kisayansi Curculio nucum. Wakati unaona tundu, funza amekwisha kula na kuondoka.

Zilizobanguliwa zitazame rangi ya ndani. Kata moja katikati: nyeupe ya maziwa ndiyo mbichi nzuri. Njano iliyokolea kwenye hazeli ambayo haijakaangwa ni dalili ya uzee wa mafuta. Kisha itafune polepole. Uchungu kidogo wa utando ni sawa, lakini ladha inayokwaruza koo, au ya nta na rangi, ni ya mafuta yaliyochacha. Kukaanga hakuondoi uchachu huo, ingawa harufu ya moto huuficha kwa siku moja mbili. Muuzaji mjanja analijua hilo, na ndiyo sababu ya kununua mbichi na kukaanga mwenyewe.

Punje yenye ukungu, madoa ya kijani au kijivu, au harufu ya unyevu itupwe. Ukungu wa njugu unaweza kuzalisha sumukuvu, ambayo huharibu ini na haiondolewi na moto wa jikoni. Umoja wa Ulaya huruhusu kiasi kisichozidi mikrogramu 10 za sumukuvu za aina zote kwa kilo ya hazeli zilizo tayari kuliwa, na kati ya hizo zisizidi mikrogramu 5 za aina iitwayo B1. Jicho lako haliwezi kupima viwango hivyo, lakini linaweza kukataa mfuko wenye punje zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye vumbi jingi, ambako tatizo hilo hukaa zaidi.

Kwenye bidhaa zilizotengenezwa, soma orodha ya viungo: huanza na kilicho kingi. Aina maarufu ya chokoleti ya kupaka ina hazeli asilimia 13 tu, na zaidi ya nusu yake ni sukari. Maneno "ladha ya hazeli" kwenye sharubati ya kahawa mara nyingi yana maana kwamba hakuna hazeli ndani.

Kuhifadhi

Adui ni wanne: joto, mwanga, hewa na unyevu. Zilizo na ganda hukaa miezi kadhaa mahali pakavu penye ubaridi. Viini vibichi viwekwe kwenye chombo kisichopitisha hewa, ndani ya friji, hadi miezi sita, au friza hadi mwaka. Friza haiviharibu kwa sababu maji yake ni machache, karibu asilimia 5. Zikitoka huko, ziache chombo kikiwa kimefungwa mpaka zifikie joto la chumba. Ukifungua mara moja, mvuke wa hewa utatua juu ya punje baridi na kuzilowesha.

Zilizokaangwa huchacha upesi zaidi kuliko mbichi, na zilizosagwa upesi kuliko nzima, kwa vile eneo linaloguswa na hewa limeongezeka mno. Kaanga za wiki mbili tu. Unga wa hazeli weka friza siku ileile uliyousaga. Usiziweke jirani na vitunguu au samaki, kwa kuwa mafuta hunasa harufu.

Kukaanga

Harufu inayotambulisha hazeli, iletwayo na kampaundi iitwayo filbetoni, hukua kwa moto. Sehemu ya vitamini E na B1 hupotea, lakini kama ukaangaji ni wa wastani hasara si ya kukunyima usingizi.

1. Washa oveni nyuzi joto 150 za Selsiasi na uiache ipate moto kamili.
2. Chambua kwa ukubwa. Ndogo na kubwa zikiwa pamoja, ndogo zitaungua kabla kubwa hazijaiva.
3. Tandaza kwenye trei, safu moja tu. Usitie mafuta.
4. Oka dakika 15 hadi 20. Itikise trei kila baada ya dakika 5.
5. Kuanzia dakika ya 12, toa moja na uikate katikati. Ndani ikiwa na rangi ya biskuti hafifu, toa zote. Usiongozwe na rangi ya nje, maana utando ni mweusi tangu mwanzo.
6. Zimwage mara moja kwenye trei baridi. Zikibaki kwenye ya moto zitaendelea kuiva kwa dakika kadhaa, na hapo ndipo wengi huziunguza.
7. Subiri zipoe kabisa, takribani saa moja, kabla ya kuzifunga. Zikifungwa za moto hutoa mvuke, hulainika, na baadaye huota ukungu.

Bila oveni, tumia kikaango kizito juu ya moto mdogo kwa dakika 10 hadi 12, ukikoroga bila kuacha. Nje ikiwa nyeusi na ndani nyeupe, moto ulikuwa mkali. Rudia na nyingine, hizo hazitengenezeki.

Utando: kumenya au kuacha

Polifenoli nyingi za hazeli, yaani kemikali za mmea zinazokinga dhidi ya madhara ya oksijeni, ziko kwenye utando. Unapozila kama kitafunwa, ziache nao. Menya pale tu ambapo uchungu utaharibu pishi: siagi laini, keki, maziwa.

Njia kavu ni kuzifunga kwenye taulo zikiwa bado za moto, kusubiri dakika 5 hadi 10, kisha kuzisugua kwa nguvu. Utando wa nyingi utatoka, wa baadhi utang'ang'ania. Zikishapoa hautoki tena, kwa hiyo usikawie.

Njia ya maji huzimenya zote. Chemsha vikombe 2 vya maji, tia vijiko 3 vya chakula vya bikaboneti ya soda (si poda ya kuokea, ambayo ina asidi na haitafanya kazi), kisha kikombe 1 cha hazeli mbichi. Tumia sufuria kubwa kwani povu hufura na kumwagika, na maji hugeuka meusi. Baada ya dakika 3 toa moja, itie kwenye maji baridi na uiminye. Utando ukiteleza, zimwage zote kwenye maji baridi, zimenye, zisuuze vizuri, halafu zikaushe na kuzioka. Zikiachwa kwenye soda zaidi ya dakika 5 hupata ladha ya sabuni.

Siagi, chokoleti ya kupaka na maziwa

Kwa siagi, chukua gramu 400 zilizokaangwa na kumenywa, bado zikiwa na uvuguvugu. Saga kwenye mashine yenye nguvu kwa dakika 8 hadi 12, ukikwangua kuta kila baada ya dakika 2. Zitapita hatua: unga, mabonge, donge moja zito linalozunguka, kisha ghafla mafuta yanaachia na rojo linang'aa. Wengi hukata tamaa kwenye donge na kutia maji. Hapo wameiua: tone la maji au asali hulifanya rojo ligande kama udongo. Ikikwama, pumzisha mashine dakika 5, au ongeza kijiko cha chai cha mafuta. Mwishoni tia robo kijiko cha chai cha chumvi. Hukaa friji mwezi mmoja. Vijiko viwili vya chakula ndiyo gramu 30 zako za siku.

Chokoleti ya kupaka hutoka humohumo: kwa gramu 200 za siagi hiyo, gramu 25 za kakao na gramu 40 za sukari ya unga. Sukari ya chenga itabaki ikikwaruza ulimi, kwani haiyeyuki kwenye mafuta. Sukari hapo ni asilimia 15 tu ya chupa.

Maziwa: loweka gramu 120 usiku kucha, mwaga maji yake, saga na mililita 800 za maji safi, chuja kwa kitambaa. Yanakaa siku 3 kwenye friji na hujitenga, tikisa tu. Nyuzinyuzi zimebaki kwenye makapi, kwa hiyo tia makapi kwenye uji au unga wa mkate. Maziwa haya yana protini na kalisi kidogo kuliko ya ng'ombe na kamwe hayawi badala ya maziwa ya mtoto mchanga.

Wanaopaswa kujihadhari

Mzio wa hazeli una sura mbili. Wa kwanza huwapata wenye mzio wa chavua ya mti wa betula: mdomo na koo huwasha wakila mbichi, na mara nyingi zilizokaangwa haziwasumbui kwa sababu protini inayohusika huvunjwa na joto. Wa pili hutokana na protini za akiba za punje, ambazo moto hauziwezi, na huu unaweza kuua: uvimbe wa uso, kupumua kwa shida, kutapika, presha kushuka. Huwezi kujua una upi kwa kujijaribu nyumbani. Kazi hiyo ni ya daktari na vipimo vya damu. Dalili za aina ya pili zikitokea, ni sindano ya adrenalini na hospitali papo hapo.

Wagonjwa wa figo waliowekewa mipaka ya potasiamu na fosforasi waulize kwanza kiasi chao. Waliowahi kupata mawe ya figo ya okzaleti wafanye vivyo hivyo. Wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo vitamini K huipunguzia nguvu, hawana sababu ya hofu kubwa, kwani gramu 30 zina vitamini K mikrogramu 4 hivi.

Watoto chini ya miaka 5 wasipewe punje nzima wala vipande vikubwa. Ukubwa wa hazeli ni uleule wa kuziba njia yao ya hewa. Kuanzia kama miezi 6 mtoto anaweza kupewa siagi laini iliyochanganywa na uji hadi iwe nyepesi, robo kijiko cha chai mara ya kwanza, asubuhi, ili uwe naye macho kwa saa zinazofuata. Akiwa na ukurutu mkali au mzio wa chakula kingine, onana na daktari kabla ya kijiko hicho cha kwanza. Na siagi isitolewe nzito kijikoni, maana hunata kooni.